Sauti ya Maji Sebuleni

Juzi nilikuwa nimekaa mapokezi kwenye hoteli moja ya Kilifi, namsubiri mtu, nikasikia mlio mdogo nyuma ya kiti changu: maji yakianguka juu ya maji, polepole, bila kupumzika. Sikugeuka. Nilijua ni tangi la samaki, na nilijua nikigeuka nitalia mbele za watu.

Kwetu mtaa wa Shela, Malindi, miaka ya themanini, tulikuwa na tangi kama hilo sebuleni. Baba alikuwa fundi wa umeme, na Mtaliano mmoja aliyekuwa akihama alimwachia, pamoja na samaki wake na chujio la umeme la kusafisha maji. Bibi, mamake Baba, hakupendezwa. "Samaki wa kupika hatuna, wa kutazama ndio tunao!" alisema. Lakini Mama alilipenda tangu siku ya kwanza. Samaki mmoja wa rangi ya dhahabu, mwenye mkia mrefu mwepesi kama shela, alimwita Bi Harusi, na kila baada ya magharibi alikaa mbele yake akisuka ukili wa mikeka.

Kisha kazi za Baba zikapungua, na Mama akaenda Jedda kutumika katika nyumba ya watu.

Simu hatukuwa nayo, na Bibi hakujua kusoma, kwa hivyo tulipelekeana kaseti. Kila alipopatikana msafiri, tuliketi sebuleni, Baba akabonyeza redio ya kaseti irekodi, tukasema kwa zamu. Bibi alipiga ukelele kana kwamba Jedda iko nyuma ya ukuta. Mimi nilisoma sura za Kurani nilizohifadhi chuoni. Baba alikuwa wa mwisho, na maneno yake hayakubadilika: "Sisi hatujambo. Usiwe na wasiwasi."

Ikafika wakati Bi Harusi akadhoofika. Chujio lilikuwa limetundikwa juu, ubavuni, na mdomo wake ulimwaga maji kwa nguvu hadi upande wa pili. Maskini samaki yule, kwa mkia wake ule, alipeperushwa kama kanga kambani. Mapezi yalianza kuchanika, na chakula kilimpita kabla hajafumbua mdomo. Baba akaniita nidondoshe chembe za chakula, nimwambie zinaelekea wapi.

"Zinakimbia, Baba."

Akasogeza chujio.

"Bado zinakimbia."

Mwishowe alilizamisha chini kabisa, kwenye pembe ya nyuma, mdomo ukielekea kioo. Maji yakagonga kioo, yakarudi taratibu. Chembe zikaelea bila haraka, na Bi Harusi akazifuata, akala. Tulifurahi kama tuliomwopoa mtu. Nyumba nayo ikawa kimya, lakini hilo hakuna aliyelitambua. Siku chache baadaye tukarekodi kaseti, ikaenda.

Jibu lililetwa na mama mmoja aliyerudi likizo. Tukaiweka kaseti, na Mama akaanza bila hata salamu.

"Baba Maimuna, kuna nini huko? Mbona sebule imenyamaza? Msinifiche. Nani amekufa?"

Bibi alishika kiuno. "Tumesema sote, wazima! Sasa amekufa nani?"

Baba alirudisha kaseti nyuma, akasikiliza tena. Kisha akaligeukia tangi.

"Maji," akasema. "Hayasikii maji."

Mimi nilinuna. Nilikuwa nimesoma sura ndefu bila kukosea hata herufi, na Mama anaulizia maji!

Lakini Baba hakutulia. Alizunguka mji akitafuta msafiri wa kwenda Jedda, na alipompata, akakaa kitako mbele ya tangi. Akilipandisha chujio, samaki atapigwa tena. Akiliacha, Mama hatasikia kitu. Akalipandisha hata hivyo, mdomo ukabaki juu kidogo ya maji, ukielekea pembe ya nyuma, na chini yake akaweka kigae kikubwa cha mtungi uliovunjika. Maji yakaanguka kwa mlio ule ule wa zamani, nguvu zake zikaishia kwenye kigae.

"Chembe zinaelekea wapi?"

"Zinatembea tu, Baba."

Akaisogeza redio mpaka ikagusa kioo, akabonyeza. "Mama Maimuna, hajafa mtu. Sikiliza."

Baada ya hapo hakusema neno. Bibi alinong'ona, "Unaimaliza kaseti!" Baba akamwinulia kidole tu. Upande mzima ukaisha hivyo, naye ameuweka mkono wake juu ya kioo, uso ameugeuza tusiuone.

Mama alirudi nikiwa nakaribia kumaliza shule ya msingi. Nilikuwa mtu mzima tayari siku nilipomuuliza, tukiwa jikoni tunakuna nazi, kwa nini aliyataka maji kuliko maneno yetu.

"Maneno yenu niliyahifadhi yote," alisema. "Lakini nyinyi siku zote mlikuwa wazima. Bibi yako aliugua, habari nikaipata kwa wasafiri, na kwenye kaseti mlikuwa wazima. Baba yako alivunjika mkono, mlikuwa wazima. Ningewaamini vipi? Nikiyasikia yale maji, najua nyumba ipo."

Utotoni nilidhani sisi ndio tulioachwa. Kumbe sisi tulikuwa watatu, tukisikiana tukikoroma ng'ambo ya ukuta. Yeye alikuwa peke yake, katika kijichumba kando ya jiko la watu, akisubiri mmoja wetu amwambie ukweli.