Maji ya Betri ya Mzee Lalji

Mzee Lalji hakuwa na gari. Hakuwa na pikipiki, na hata baiskeli yake ilikuwa imefungiwa stoo, matairi yameoza. Lakini maji ya betri alinunua miaka nenda miaka rudi, kwenye duka la spea karibu na stendi ya Korogwe.

"Mzee, lori lako limegoma tena?" vijana wa spea walimtania.

Yeye anacheka kwa pua, anaviringisha chupa kwenye gazeti, anarudi zake dukani.

Mimi nilijua. Cherehani yangu iko barazani pa duka lake la vitambaa tangu binti yangu Yusra ananyonya, na leo Yusra mwenyewe ana mtoto. Ukikaa mlangoni kwa mtu muda wote huo, unajua mpaka anavyokohoa. Maji yale yalikuwa ya sanduku.

Sanduku lenyewe lilikaa mezani kwake, chumba cha nyuma. Mbao zake nyekundu zinang'aa, na ndani limevishwa mbao nyingine zenye harufu tamu. Kwenye mfuniko pana kisaa chenye mshale, ila hakisemi saa, kinasema unyevu. Ndani zimelala sigara. Si hizi za pakiti, bali zile nene kama kidole gumba, majani matupu ya tumbaku yaliyoviringishwa. Zikikauka zinapasuka, zikilowa zinaota ukungu. Zinataka unyevu wa kadiri, mshale usimame kwenye sabini.

Kwa hiyo pembeni mle ndani pana kikopo chenye matundu, na ndani ya kikopo pana sponji, na sponji ndiyo inayonyweshwa. Maji ya bomba ya kwetu yana chumvi, yanaacha chokaa hata kwenye birika, yangeziba sponji. Ndiyo maana alinunua maji ya betri, hayana chumvi. Januari, jua linapowaka mpaka mabati yanalia, alikuwa akinywesha kila mara. Masika anaitoa sponji kabisa, anafunga mfuniko, na ole wako uchungulie. Na kisaa chenyewe hakukiamini hivi hivi. Mara moja moja alikifungia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kizibo cha soda chenye chumvi iliyoloweshwa, kesho yake anatazama kama mshale umesimama panapotakiwa.

"Mzee Lalji," nilimwambia siku moja, "mama Sejal ungemtunza hivi angenenepa."

Mkewe, mama Sejal, Geeta kwa jina lake, alicheka mpaka akakaa chini. Na mzee hakuvuta hata moja. Moshi wa mkaa tu ulikuwa unampalia.

Zilikuwa za mdogo wake, Paresh. Baba yao alikuwa na duka Mazinde, kwenye mashamba ya mkonge, na wao wakiwa wadogo walikuwa wakiokota vipisi vya sigara vya meneja wa shamba, wanajificha kwenye mkonge wanavuta, wanatapika. Wakaapa kwamba wakikua watavuta nzima, pamoja. Wakakua. Paresh akampenda Sanaa, binti wa mzee Hasnain wa Hale, Mwislamu, na wao ni Wahindu. Jamani! Lalji alisimama mlangoni pa duka, mtaa mzima unasikia, akasema kuanzia leo hana mdogo. Paresh akamchukua Sanaa wakaenda Kanada.

Kimya. Miaka. Kisha siku moja msafiri akaleta sanduku, na simu ikapigwa. Nilikuwa napima pazia mle ndani, nikasikia, maana simu ile ilikuwa inapaza sauti.

"Hizi ni nzima," Paresh alisema. "Zitunze mpaka nije. Nikizikuta nzima nitajua ulikuwa unanisubiri kweli. Nikizikuta zimekufa sitauliza neno, nitarudi nilikotoka."

Ungemwona mzee! Kidevu kinamcheza kama mtoto. Neno la samahani hakuwa nalo mdomoni, hakulijua tangu azaliwe. Tangu siku hiyo kila wakizungumza kwenye simu alisema hilo hilo tu: "Njoo. Zipo."

Masika haya akapigwa na kiharusi. Upande mmoja ukafa, na ulimi nao. Akawa amelala pale pale chumba cha nyuma, macho kwenye sanduku. Mama Sejal akampigia Paresh, na Paresh akasema anakuja. Mimi siku hizo nilikuwa Handeni kwenye matanga ya shangazi yangu. Mama Sejal alikuwa anageuza mgonjwa, analisha, anafua, hakuwa na mkono wa ziada. Siku alipompeleka mzee hospitali akalazwa, duka akamwachia Sadala, mpagazi wao wa siku zote, mkulima wa Sindeni. Akamwambia, "Na hilo sanduku la mzee uliangalie, mvua isiliharibu."

Uliangalie! Sadala aliliangalia haswa. Alifungua akakuta unyevu, akakuta na vumbi jeupe juu ya majani. Sasa msikilizeni huyu mtu kabla hamjamtukana. Dada yake Sadala alikufa kwa ugali wa mahindi yaliyoota ukungu. Kwao Sindeni kila kitu unachokipenda unakianika. Mahindi, maharage, godoro, nguo za harusi, jua likichomoza tu vinatoka nje. Unyevu ni kifo. Basi akazitandaza sigara kwenye mkeka uani, kila jua likitoka. Akatupa sponji, ambayo masika haya hakuna aliyekumbuka kuitoa. Sanduku akalifuta kwa majivu, na akazirudisha sigara juu ya majani makavu ya mwarobaini, wadudu wasije.

Niliporudi akanipokea anatabasamu. "Fundi, sanduku la mzee nimeliokoa. Lilikuwa linaoza."

Nilifungua. Mshale umelala chini kabisa. Nikagusa moja, ikapasuka mkononi kama ganda la kitunguu.

"Sadala, umefanya nini wewe?" Nilipiga kelele mpaka wateja wakatoka. Nilipomweleza alikaa juu ya gunia, akalia, mtu mzima na ndevu zake.

Tulijaribu. Nilitafuta sponji nyingine, nikanywesha. Majani ya tumbaku yalinyonya haraka mno, yakavimba, yakachanika. Mzee alikuwa amerudishwa nyumbani, anatutazama. Alielewa. Machozi yalimtoka jicho moja.

Paresh alifika mvi tupu, peke yake. Alimshika kaka yake mkono ule mzima, na kwa kitambo nikadhani mambo yamekwisha. Kisha akalisogelea sanduku, akafungua. Harufu ya mwarobaini ikajaa chumba. Akainua moja, ikamwagika unga kwenye viatu vyake.

Sadala akapiga magoti. "Shikamoo mzee. Ni mimi. Nilizianika mimi, yeye hana kosa."

"Nani anaanika sigara?" Paresh alisema taratibu. "Shemeji Geeta, usimtume mtu wa kazi aje kumtetea. Alisema hana mdogo. Ni kweli, hana."

Mzee akatoa sauti kama ng'ombe, akapiga kitanda kwa ule mkono mmoja. Paresh alikuwa ameshatoka, akaenda kulala gesti.

Asubuhi alipita barazani na begi lake, anasubiri bajaji ya kumpeleka stendi. Mimi nilikuwa natia mashine mafuta kwa chupa, nikamwinulia ile chupa.

"Bwana Paresh, hii chupa unaiona?"

"Naiona."

"Soma."

Akasoma. Maji ya betri.

"Kaka yako ana gari?"

Nikamwonyesha mama ntilie wa jirani, anamimina mafuta ya kupikia kutoka chupa kama ile ile. Nikamwonyesha muuza mafuta ya taa ng'ambo ya barabara, amezipanga mezani. Nikamwambia aingie jikoni kwa shemeji yake akaone samli imewekwa kwenye nini. Mtaa mzima tunatumia chupa zake tupu, na wote tulikuwa tunamcheka. "Alikuwa akizinywesha sigara zako! Huyo ndiye mtu asiyekusubiri?"

Begi lilimtoka mkononi. Akaingia ndani mbio, na mimi nyuma yake.

Hali ya mzee ilikuwa imebadilika ghafla, na mama Sejal alikuwa tayari ameshika kikombe kidogo cha shaba chenye maji ya mto wao mtakatifu, na jani la mrehani wao wa ibada. Pumzi ya mzee ilikuwa inakuja moja, inakawia. Macho wazi, lakini hayatazami popote, si sanduku, si mtu. Mama Sejal akampa Paresh kikombe. Kwao ndugu ndiye anayetia maji ya mwisho.

"Kaka, nimekuja," Paresh alisema. "Kaka, nimezikuta nzima."

Akamtilia maji mdomoni kidogo kidogo. Yalijaa, hayakumezwa, yakateremka shavuni mpaka kwenye mto.

"Amenisikia?" akatuuliza. "Shemeji, amenisikia?"

Mama Sejal alichukua ncha ya sari yake, akamfuta mzee shavu.