Friji Lililopigiwa Hesabu ya Asubuhi

Nakumbuka siku moja ya kiangazi huko Handeni, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka. Nimestaafu, nakaa zangu hapa Masuguru, watu wananipa shikamoo wakidhani uzee umeshanipoza. Kwa jambo hili sijapoa, na wewe unayesomea uhandisi nataka ulisikie.

Nilikuwa binti, mhandisi mgeni kazini, kwenye mradi uliokuwa na karakana Ngombezi, jirani na Korogwe. Tulitengeneza friji la kupoza maziwa kwa vijiji visivyo na umeme. Friji lenyewe halina mota, linaendeshwa kwa moto. Ndani mna amonia iliyochanganywa na maji. Ukiipasha, amonia inatoka kama mvuke, inapita kwenye mabomba ya nyuma, inaacha joto lake nje na kuwa kimiminika. Ikiingia ndani ya sanduku inageuka mvuke tena, na hapo ndipo inapofyonza joto la maziwa. Kisha inarudi kwenye maji, safari inaanza upya. Moto tuliupata kwa gesi ya samadi, na samadi Handeni haikosekani.

Kazi yangu ilikuwa kuliunda friji hilo kwa hesabu kwenye kompyuta kabla fundi hajakata bomba hata moja. Nabadilisha ukubwa wa moto, nabadilisha urefu wa mabomba, naangalia baridi inakujaje. Usidhani ukizidisha moto ndiyo umezidisha baridi. Moto ukipita kiasi, mvuke wa maji nao unafuatana na amonia, na baridi inapungua. Kuna kiasi kinachofaa, na kukitafuta ndiyo raha ya kazi ile. Ila kiasi hicho hubadilika na joto la nje. Mabomba ya nyuma yakizungukwa na hewa ya moto, yataliacha wapi joto lake?

Kwa hiyo nikapiga hesabu kwa wakati mbaya kuliko wote, alasiri ya Februari kule Handeni. Jibu likataka mabomba marefu na kibanda cha kivuli, na ufanisi kwenye karatasi ukawa wa kawaida tu. Bosi wetu, Injinia Kilua, alilitazama akakunja uso.

"Namba hii nitamwonyesha nani? Weka hewa ya asubuhi ya Julai. Na mabomba yafupishe."

"Lakini mzee, maziwa yatakaa humo mpaka alasiri."

"Binti, wewe nitafutie namba nzuri. Maziwa niachie mimi."

Nilikataa kutia jina langu kwenye hesabu hiyo. Akatia lake, friji likajengwa, likapelekwa kwa kikundi cha akina mama wa Kimaasai huko Handeni. Lilizinduliwa asubuhi yenye ubaridi, likapoza vizuri mno. Wageni wakapiga makofi.

Kiangazi kikaingia. Maziwa yakawa yanachacha humo humo ndani ya friji, na mnunuzi akija anayakataa, yanamwagwa chini. Tukaitwa. Mwenyekiti wa kikundi, Mama Naisula, alitupokea kwa heshima, akatutengea viti. Kilua hata hakulisogelea friji. Alisimama mbele ya wale akina mama akawaambia tatizo ni uchafu wa vyombo vyao, wajifunze kuosha.

Mama Naisula akainuka. "Watoto wangu wote nimewalea kwa maziwa ya mikono hii. Leo umetoka Korogwe kuja kuniita mchafu mbele ya wake za wanangu?"

Mwanangu, mtu mzima yule alikuwa analia. Nikashindwa kukaa.

"Mama zangu, vyombo vyenu havina kosa," nikasema. "Friji hili limepigiwa hesabu ya asubuhi ya baridi. Kwa jua la hapa haliwezi kupoza, na mzee huyu anajua."

"Kaa chini!" Kilua akafoka. "Kuanzia leo huna kazi!"

"Kama kwako hana," akasema Mama Naisula akijifuta macho, "kwetu anayo."

Nikabaki. Akina mama wakajenga kibanda cha kivuli. Tukamleta fundi kutoka Korogwe, tukaitoa amonia kwa uangalifu, tukaongeza mabomba kama hesabu yangu ilivyotaka, moto tukaupunguza. Alasiri ya kwanza Mama Naisula aliweka kiganja kwenye dumu la maziwa, kisha akakibandika shavuni kwangu kikiwa baridi, akacheka.

Na Kilua? Alipanda cheo kwa namba zile zile za Julai. Hakurudi hata siku moja kuwaomba radhi wale akina mama. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo!

Basi sikia, mwanangu. Ukiunda mashine kwenye kompyuta, usiichagulie hali ya hewa ya kukupendeza wewe. Ipigie hesabu ya siku ngumu kabisa ya yule atakayeitumia, hata kama namba yako itaonekana ndogo mbele ya wakubwa. Na mashine ikishindwa, ichunguze mashine kwanza. Usithubutu kumtwisha lawama mtu aliyekuamini. Ukimwona mwenzako anafanya hivyo, simama useme, hata ukitetemeka.

Mungu akupe akili iliyotulia na ulimi usioogopa kweli. Akubariki kazi ya mikono yako, na kila utakayemtengenezea kitu akutaje kwa heri.