Mdomo Mpana kwa Kanga wa Mbali

Jirani yangu ni fundi cherehani, na akianza kutia mafuta mashine yake mimi hutafuta sababu ya kwenda zangu. Nimemwambia kwamba harufu ile inaniumiza kichwa. Si kweli. Nawaambia nyinyi kwa sababu hamnijui: harufu ile hunirudisha uani kwetu Cheyo, nina miaka kumi, nimekaa mkekani, bunduki ya baba iko mbele yangu bila risasi hata moja, nami najiona mtu mkubwa kuliko walimu wangu wote.

Baba alikuwa seremala. Msimu wa kuwinda ulipofunguliwa alikata kibali cha ndege, akawa anakwenda kuwinda kanga kwenye mbuga za kupita Isikizya, kandokando ya njia ya zamani ya misafara iliyokwenda Karagwe. Bunduki yake ilikuwa ya marisau, zile punje ndogo zinazotoka nyingi kwa mpigo mmoja. Mdomoni mwa mtutu kulikazwa kipande cha chuma, kifupi kama kidole gumba, kinachoweza kufunguliwa na kubadilishwa. Wauza silaha wanaviita choki. Baba aliviita midomo, na alikuwa nayo mitatu, ameihifadhi ndani ya kopo la mafuta ya nywele.

Nilielewa kazi ya midomo kabla sijaelewa hesabu za kugawanya. Mwembamba kuliko yote ulikuwa na alama ya mkato mmoja ukingoni. Huo uliyabana marisau yaende mbali yakiwa pamoja, kama unavyobana mpira wa maji kwa kidole ukitaka kumfikia mtoto mwenzako aliyekimbia. Mpana ulikuwa na mikato minne, uliyatawanya marisau mapema, na ulifaa kwa kwale wanaoruka ghafla kutoka vichakani karibu na miguu yako. Wa tatu ulikuwa wa kati. Baba alinifundisha kwa maboksi ya sabuni. Aliyapanga mbali, akayapiga moja moja kwa kila mdomo, nami nikatumwa kuhesabu matundu. Nilirudi mbio nikipiga kelele za idadi, huku yeye akicheka.

Tangu hapo, kabla ya kila safari, aliniuliza: "Fundi, leo tunakwenda mbugani. Tuweke upi?"

"Mkato mmoja, baba."

Nilipaka hesi zake, ile mizunguko ya kukazia, tone la mafuta ya cherehani, nikaukaza kwa ufunguo wake, nikampa bunduki. Baba hakukagua. Hilo ndilo lililonivimbisha kichwa, kwamba hakukagua.

Mama yangu alikuwa amefariki nikiwa na miaka sita. Baba alikaa na mama yake, bibi yangu, mpaka alipooa tena, mwanamke kutoka Urambo; bibi akabaki nasi. Nikaambiwa nimwite mama mdogo. Alikuwa mpole, mrefu, mwenye kucheka kwa kuziba mdomo kwa upande wa kanga yake. Alinisuka nywele bila kunivuta. Ningependa kuwaambia kwamba alinitesa, ili hadithi hii inipendeze zaidi, lakini hakuwahi kunigusa kwa ubaya hata siku moja.

Kosa lake lilikuwa kutaka kujua. Alikaa nami mkekani, akashika midomo, akaihesabu mikato kwa ukucha. Siku moja baba aliuliza swali lake la siku zote, ila hakusema fundi. Alimtazama mkewe.

"Mke wangu, leo mbugani. Tuweke upi?"

"Huu wa mkato mmoja," akasema, akaziba mdomo na kanga, akacheka.

Baba naye akacheka, kicheko kilekile cha maboksi ya sabuni. Mama mdogo akaupaka mafuta, akaukaza. Baba akaenda kuoga. Mama mdogo akaenda kumfungia chakula. Nikabaki uani na bunduki.

Sikufikiri sana. Nilifungua mkato mmoja, nikakaza mikato minne. Nilitaka kanga waruke wakiwa hai, baba arudi akisema kwamba mkewe hajui midomo, na kwamba kazi hii ina mwenyewe. Basi. Nilikuwa na miaka kumi na hayo ndiyo yaliyokuwa matumaini yangu yote duniani.

Alirudi kabla ya adhuhuri, amebebwa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, mguu umevimba kama kiazi. Alieleza kwa pumzi fupi. Alikuta kundi mbali mbugani, akapiga, wakaruka wote isipokuwa mmoja aliyeguswa bawa tu, akaanza kukimbia. Sisi ni Waislamu, na ndege asipochinjwa akiwa hai haliwi, kwa hiyo baba akamkimbilia na kisu mkononi. Mguu ukazama kwenye shimo la muhanga, yule mnyama anayechimba mchwa usiku. Mfupa wa kifundo ulivunjika.

Sasa niwaambie jambo la kwetu Unyamwezini. Mwindaji akiwa porini, mke hapaswi kuvuka kizingiti cha nyumba. Hagombani na mtu wala hapokei mwanamume. Mwindaji akikosa, na hasa akiumia, hakuna anayetazama bunduki. Wanatazama nyumba. Nami nilikuwa nayajua hayo, maana bibi aliyasema kila msimu, ila yalikuwa yameniingia sikio hili yakatokea lile.

Bibi hakuuliza habari za risasi. Alimsogelea mama mdogo, akauliza taratibu: "Nani kafika hapa leo?"

"Kaka yangu, mama. Alipita na karanga, akisema anawahi gari la Urambo."

"Ukamsindikiza?"

"Hadi barabarani tu, mama."

Bibi akajipiga mapaja kwa viganja. "Mwana wane, mwanangu! Mume yuko porini na wewe uko barabarani!"

Mama mdogo alimtazama baba. Baba alikuwa na maumivu, jasho linamtiririka, mama yake amesimama kichwani pake. Baba akageukia ukutani.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na bunduki ilikuwa imeegemezwa palepale, mikato minne inaonekana kwa mtu yeyote ambaye angeinama. Badala yake nilifanya kazi yangu. Kusafisha bunduki kulikuwa zamu yangu, hakuna aliyeshangaa. Niliingia nayo chumbani wakati wazee wa ukoo wanaitwa, nikafungua mdomo mpana, nikarudisha mwembamba. Niliupaka hata mafuta.

Mama mdogo aliondoka siku ya tatu, akiambiwa akapumzike kwao mpaka aitwe. Aliniachia nywele amezisuka upya. Hakuitwa. Talaka ilipelekwa na baba mkubwa, na nyumbani kwetu jina lake likawa halitajwi. Baba alipona akichechemea kidogo. Msimu uliofuata aliniuliza tena, fundi, tuweke upi, nami nikajibu.

Baba na bibi sasa wamekwisha kutangulia. Mwaka jana kazi ilinipeleka Urambo kwenye vituo vya kununulia tumbaku, nikamuuliza mtu, naye akanielekeza. Nilimkuta anachambua majani makavu barazani, amenenepa, nywele nyeupe pembeni. Alinitambua kabla sijasema.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mtu mzima!"

Alinipikia. Nilikula, kisha nikamwambia yote, mikato minne, chumbani, mafuta. Alisikiliza akinyoosha jani moja juu ya paja lake, akilirudia hilohilo.

"Kumbe ilikuwa bunduki," akasema.

"Ni mimi."

Akaliweka jani kando. "Unajua, niliamini," akasema. "Nilijua kaka ni kaka, lakini niliamini nimemvunja baba yako mguu kwa kutoka kwangu. Nikaolewa hapa na dereva wa lori. Kila akisafiri sikuvuka mlango. Hata mama yangu alipozidiwa kule Kaliua, mume wangu alikuwa njiani, wakaja kunichukua, nikakataa. Nikasema nisije nikamuua na huyu. Nilipofika walikuwa wameshamzika."

Nilikuwa nimekuja na hesabu ya ndoa moja, wala sikujua kwamba kuna maiti.

Aliniona nikilia, akanishika mkono. Kumbukeni, yeye ndiye aliyekuwa ananibembeleza mimi. "Nyamaza, mwanangu. Ulikuwa mtoto. Uliogopa fimbo tu."

Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo, mama mdogo, niliogopa.

Baba hakunichapa hata mara moja maishani mwake. Mimi sikuogopa. Asubuhi ile mama mdogo alipopanda gari na kibegi chake, nilisimama mlangoni nikamwangalia mpaka vumbi likatua, na moyoni nilikuwa na furaha safi kabisa, kwa sababu baba alikuwa wangu tena. Hilo ndilo nililokwenda kwake kulisema. Yeye akanisamehe woga ambao sikuwa nao, nami nikaupokea msamaha wake, nikamuaga, nikaondoka nao.