Mapigo Sita ya Mama

Mama aliimba kwa mapigo sita. Sikuijua hesabu hiyo hadi mpiga kinanda wa kwaya yetu aliponieleza: moja-mbili-tatu, nne-tano-sita, uzito ukiangukia kwenye moja na kwenye nne. Nilichojua mimi ni kwamba ukiusikia wimbo ule wa kulimia, mabega yanaanza yenyewe. Aliutoa shambani kwao, upande wa Isikizya, akaubadilisha maneno, akauingiza kanisani. Wanawake walioucheza hawakuhesabu kitu. Waliyumba kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji: kiuno kinafanya kazi, shingo imetulia.

Siku ya kwaya kuurekodi wimbo huo, katika studio moja ya Kanyenye, fundi alibonyeza kinanda, ukatoka mdundo wa mapigo manne. Nne si mbaya, jamani. Nne ni mchakamchaka wa shule: kushoto, kulia, wote mnafika pamoja. Lakini wimbo ule haukuwa wa kukimbia.

"Mwanangu, hapa katikati umeniondolea pa kupumulia," mama alimwambia.

"Mama, huu ndio mdundo wa kisasa. Utazoea tu."

Hakuzoea. Alijaribu akaingia mapema, akajaribu tena akachelewa. Mtu aliyeuongoza wimbo huo miaka yote akaonekana hajui kuimba. Mwishowe alikaa kwenye kiti cha plastiki, akasema, "Imbeni ninyi, mimi koo limekauka." Tukaimba. Na Mungu atusamehe, tulifurahi, maana tulisikika kama watu wa redioni.

Mama alifariki masika yaliyofuata. Msibani, spika ilipiga ule wa studio. Shangazi zangu wakaanza kuyumba, wakapotea, wakabaki wamesimama. Nilitamani kuung'oa waya. Simu zetu zimejaa keki za harusi na mbuzi wa Krismasi, lakini hakuna aliyemrekodi mama akiimba. Inaniuma sana.

Juzi mdogo wangu aliyeolewa Urambo alinipigia.

"Dada, niimbie ule wa mama. Uimbe kama yeye."

Nikaanza. Kufika mstari wa pili nikajisikia mwenyewe: nne. Nikarudia mwanzo, nikipiga paja kwa kiganja. Nne tena.

"Basi anza wewe," nikamwambia.

Akakohoa, akaanza. Naye ikamtoka nne.