Wembe Shingoni mwa Papa

Asubuhi moja ya vita tulikuwa watatu kwenye baraza ya nyumba yetu, mtaani Muhumba: papa, yaani baba yangu, kinyozi na mimi. Papa alikuwa mwalimu wa chuo, mtu mpole ambaye hatukuwahi kumsikia akipaza sauti. Malaria ilikuwa imemlaza wiki nzima, kwa hiyo maman, mkewe, alimwomba kinyozi, jirani yetu, aje kumnyoa nyumbani. Mtaa mzima ulimcheka kinyozi huyo kwa woga wake. Upepo ukibamiza mlango, aliruka. Hata kuku akipita nyuma yake, aliruka.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, mkaidi na mwepesi wa hasira. Nilishika beseni la maji. Wembe ulikuwa chini ya kidevu cha papa bomu lilipoanguka upande wa ziwa.

Kinyozi aliruka mpaka mgongo wake ukagonga ukuta, lakini mkono wenye wembe ulikuwa juu kabisa, mbali na shingo. Maji yalikuwa yametapakaa mlangoni. Niliyarusha mimi, kwa nguvu, kana kwamba palikuwa na mtu wa kupigwa. Papa hakusogea. Hata povu la sabuni lilibaki vilevile shavuni.

Tulitazamana. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameamua kufanya alichofanya. Kinyozi akaomba msamaha, na papa akamwuliza imekuwaje wembe haukumgusa.

"Mwalimu, mimi ni mutu wa kuogopa tangu utoto," alisema. "Nikishituka, mukono inakimbia mbele yangu. Sikuiambia kitu."

Tulingoja. Bomu la pili halikuja. Papa akamwomba amalizie shavu lililobaki. Kinyozi akakataa, mpaka papa alipomwambia kwamba anamwamini yeye kuliko mtu asiyeshituka.

Alipomaliza, nilimshika papa kifundo cha mkono nimsaidie kuinuka. Mshipa wake ulikuwa ukienda mbio chini ya vidole vyangu. Nikamtazama usoni; ulikuwa uso uleule mtulivu.

"Papa, na wewe uliogopa?"

"Sana," alijibu taratibu. "Mimi nikiogopa, mwili inafungaka tu, haisogei. Iko vile tangu nilikuwa mutoto."

Miaka yote nilidhani hofu haikai ndani yake. Sikuuachia mkono wake mpaka mshipa ulipotulia.