Gari Lenyewe Hukuliuliza

Mwanangu, ipo asubuhi moja ninayoikumbuka kwa sababu ya teke. Paskali, mume wangu, alilipiga teke tairi la mbele la gari lake, mguu ukarudi kama umegonga jiwe, na watu waliojaa uani wakashangilia. Mmoja akasema, "Hapo sasa! Limesimama." Nami nilicheka. Nilikuwa msichana tu, mume wangu ana gari, kwa nini nisicheke?

Habari hii naieleza kwa kuwa mjukuu wangu Boay anaoa baada ya mavuno, na anataka kumtoa mke wake kanisani kwa gari hilohilo. Amelitengeneza, amelipaka rangi, amelivalisha matairi mapya kutoka Arusha. Juzi nimemkuta ameinama, anasoma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, pampu iko mkononi. Nikamwambia weka hiyo pampu chini, kaa. Na wewe unayesoma, kaa pia. Kama huna gari leo, utakuwa nalo kesho, au utapanda la mwenzako.

Gari lilikuwa la daktari mmoja mzungu aliyefanya kazi huku Mbulu. Gari dogo la mbio, viti viwili, liko chini kiasi kwamba ukikaa ndani unaona kama unaburuzwa. Likinguruma, ng'ombe wa jirani wanakata kamba. Daktari alipokuwa anarudi kwao alimwachia Paskali, aliyekuwa dereva wa lori la mahindi, maana yeye ndiye aliyekuwa akimsaidia kulitengeneza. Siku ya kumkabidhi nilikuwa nimesimama hapo na mtoto mgongoni, nikasikia kwa masikio yangu: "Paskali, hili si lori. Upepo wa mbele ishirini na mbili, nyuma ishirini na nne. Pima asubuhi, kabla halijatembea." Paskali akaitikia ndiyo, ndiyo. Unaijua ile ndiyo ya mtu anayetazama ufunguo.

Sasa, tairi la gari lile likiwa na ishirini na mbili, ukilitazama kwa macho utasema limechoka. Linabonyea kidogo pale chini. Na kwetu Endagikot wakati ule magari tuliyoyajua ni malori, tairi la lori likibonyea hivyo utingo anatukanwa. Kwa hiyo kila aliyepita alisimama kutoa maneno. "Shemeji, gari lenu linaumwa?" "Paskali, limekonda hilo, lipe chakula!" Sisi ni watu wa mifugo. Ng'ombe akitokeza mbavu, anayeaibika ni mwenye zizi. Paskali alivumilia, lakini nilimwona yanamchoma.

Ndipo ikaja habari kutoka Gendabi, kule chini tambarare, kwamba shangazi, dada yake baba yangu, hajiwezi. Katika tumbo lao walikuwa wamebaki wao wawili tu. Baba akafunga blanketi jipya la kumpelekea, akachukua fimbo, akasema anakwenda kupanda basi. Paskali akamzuia.

"Baba, mkwe wako ana gari, halafu wewe ukabanane kwenye basi? Watu watasemaje? Kesho asubuhi nakupeleka mwenyewe."

Baba akatazama njia, akatazama gari. Akasema, "Haya. Dereva ni wewe."

Basi likaondoka bila yeye. Tukampa abiria mmoja salamu awafikishie watu wa Gendabi, kwamba mzee anakuja kesho kwa gari. Neno hilo la "kwa gari" tulilisisitiza. Mungu atusamehe.

Kesho yake ndiyo ile asubuhi ya teke. Paskali alileta pampu ya lori, akajaza matairi yote manne. Geji ya kupimia upepo alikuwa nayo, hakuitazama. Alijaza mpaka macho ya watu yakaridhika. Baba akapanda mbele na blanketi lake, mimi nikajikunja nyuma ya viti, mahali pa mizigo, tukaondoka watu wanapunga mikono.

Mwanangu, tairi likijazwa kupita kiasi linakanyaga barabara kwa kamstari ka katikati tu, na kila jiwe linalolikuta linakurushia wewe. Gari lile jepesi likawa linaruka kama mbuzi. Kwenye kona mkia wake unateleza juu ya changarawe. Baba alikuwa na mgongo mbovu tangu alipoanguka na mzigo wa mbao. Mkono mmoja aliushika mlango, mwingine blanketi. Halafu nikasikia:

"Mkwe."

"Naam, baba."

"Hili gari lina hasira na nani?"

Paskali akacheka, akacheka peke yake. Tulipomaliza kushuka na kufika tambarare, baba hakuweza tena kujizuia. Kila shimo alilia. Mwisho akasema, "Fanya lolote, kijana wangu. Hivi nitatangulia mimi kabla ya dada."

Paskali akasimamisha gari. Geji ilikuwa imebaki nyumbani, ndani ya lori. Akaokota kijiti, akabonyeza pale pa kuingizia upepo, ukatoka fyuuu, tairi baada ya tairi. Matairi yalikuwa ya moto huwezi kuyashika, na yeye anakadiria kwa sikio. Tulipoondoka tena gari lilikuwa laini kama godoro. Baba akavuta pumzi. "Aa. Sasa ni gari." Akasinzia. Nikamwona mume wangu ametulia mabega, nikajua yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Tairi lililojaa sana linakupigia kelele, lakini lenye upepo kidogo halisemi kitu. Linajikunja kila linapozunguka, linapata joto ndani kwa ndani, linajitafuna. Nilisikia harufu ya mpira kuungua, nikadhani kuna mtu anachoma takataka shambani. La nyuma likapasuka, gari likaserereka mpaka kando. Hakuna aliyeumia. Tukafunga tairi la akiba, tukaenda kidogo tu, na la nyuma la pili nalo likapasuka. Hapo hatukuwa na jingine.

Tukakaa. Wafugaji walipita na punda zao wakatupa pole, wakaenda. Baba akasema atatembea. Akapiga hatua chache, mgongo ukakataa. Akarudi akakaa juu ya jiwe, blanketi magotini, uso ameuelekeza Gendabi. Mlima Hanang ulikuwa mbele yetu, unauona kabisa, karibu kama vile ungeweza kuugusa. Paskali alizunguka gari, akazunguka tena. Trekta lilipopita na kukubali kutuchukua jua lilikuwa limeshainama.

Tulipofika kwa shangazi, wanawake walikuwa wamesimama nje, kanga kiunoni, na hakuna aliyekuja kutupokea kwa shangwe. Binti yake akamshika baba mkono.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Mjomba, tangu asubuhi kila gari likipita barabarani anauliza, huyo ni kaka? Tunamwambia bado, mama. Likipita jingine, huyo ni kaka? Lilipopita la mchana hakuuliza tena."

Baba akaingia ndani. Akamfunika dada yake kwa lile blanketi alilomletea ajifunike akiwa hai. Alipotoka alimwita Paskali pembeni, mimi nikiwa hapo. Hakupaza sauti. Laiti angepaza.

"Asubuhi ulilijaza kwa ajili ya macho ya majirani. Mchana ukalipunguza kwa ajili ya kilio changu. Gari lenyewe hukuliuliza."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Lakini yule alikuwa ananiulizia mimi."

Hayo tu. Mpaka baba anaingia kaburini hakuyarudia, na wala hakupanda tena gari lile. Kila alipokwenda Gendabi kuona kaburi la dada yake alipanda basi, na hakuna aliyemzuia.

Paskali naye alinunua geji nyingine, akaiweka ndani karibu na mlango. Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, anatoka kwenye baridi na koti lake, anapima. "Mbele ishirini na mbili. Nyuma ishirini na nne." Anasema kwa sauti kama anasali. Halafu anafuta vumbi, anarudi ndani. Gari halikwenda mbali tena, labda kanisani na kurudi, baadaye hata kanisani halikwenda. Nilikuwa nikimtazama kutoka jikoni anavyopima vizuri gari lisilokwenda popote, na chai yake naifunika isipoe. Amefariki bado analipima.

Basi nisikilize. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini haya nimeishi nayo. Hiyo namba ya ubavuni mwa tairi ni mwisho wa uvumilivu wa tairi, siyo haja ya gari lako. Haja ya gari lako aliisema aliyelitengeneza, na ya mbele na ya nyuma si lazima zilingane, kwa kuwa uzito wake haukukaa sawa. Kama matairi ya leo yameumbwa tofauti na yale ya zamani, muulize fundi anayeyajua yote mawili. Usimuulize anayepita njiani. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi, na geji yako mwenyewe. Ukishuka bondeni ukakuta namba imepanda kwa joto, iache. Ukiipunguza hapo, kesho huku juu utakuta tairi limelala. Na usilipime kwa teke, hata siku moja. Tairi lililokaa miaka bila kutembea likapata nyufa, litupe, hata kama linang'aa.

Utapata watu wa kukucheka, na utapata mtu unayempenda anayelia. Wote wawili watakuharakisha. Wasikilize, kisha inama ukipime kitu chenyewe. Na kama basi linaondoka leo, mwache mzee apande. Sifa yako ya kumpeleka itasubiri.

Boay amenielewa, au amesema ndiyo. Nimemtazama macho yake yako wapi aliposema. Nimempa geji ya babu yake, nikamwambia ailinganishe kwanza na mpya, maana vyombo navyo vinazeeka kama sisi.

Mungu awatangulie barabarani, mwanangu, wewe na wote utakaowabeba. Akuepushe na macho ya watu. Na kila unakokwenda, ufike wakati bado wanakuulizia.