Alama Ishirini na Tatu kwa Kitabu cha Wifi

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ameandika kitabu cha watoto, na mwalimu wa Kiswahili katika ukoo huu ni mimi. Naanza hapo ili mtu asidhani wivu wangu ulizuka tu. Miaka kumi na mitano nimesahihisha insha hapa Garissa, kalamu nyekundu mkononi, vumbi la chaki kwenye jilbabu. Yeye ni mtu wa ofisini, anagonga mihuri kwenye vibali vya mifugo. Halafu siku moja akatokea na kitabu chenye jalada la buluu, jina lake juu kabisa, wala hakuwahi kuniomba nimpitishie macho. Walimu wenzangu wakaja kunipongeza mimi. "Wifi yako ametutoa kimasomaso," wakasema, nami nikaitikia kwa adabu.

Hilo ningelimeza. Lililonikwama kooni lilikuwa la binti yangu.

Baba yake alipofariki, binti yangu alikuwa na miaka tisa. Tangu hapo asubuhi nyingi aliamka macho yamevimba, akaketi mbele ya mkate wake wa anjera bila kuugusa. Nikijua kwamba ameota vibaya, nilimfanyia nilivyofanyiwa na mama yangu: tema kidogo upande wa kushoto mara tatu, omba kinga kwa Mwenyezi Mungu, usimwambie mtu. Ndoto mbaya haisimuliwi, na ndoto nzuri husimuliwa anayekupenda tu. Ndivyo tulivyolelewa sote. Mtoto alitii. Alitema, akaomba, akanyamaza, na kimya hicho akaenda nacho mpaka shuleni na kurudi nacho. Mimi nilikiita subira.

Kisha kikaja kitabu. Ni hadithi ya msichana mchungaji huko karibu na Buna, mwenye ngamia jike anayekataa maji ya kisima. Zamu yao ya kunywesha ikifika, ngamia anageuza shingo na wenye mifugo mingine wanaanza kulalamika. Siku moja msichana anainamia hori na kuyasimulia maji ndoto yake mbaya, na hapo ngamia anakunywa mpaka hori linakauka, kwa sababu ndoto mbaya zina chumvi, na ngamia hupenda chumvi. Binti yangu alikisoma mara tatu. Ijumaa iliyofuata, wifi alipokuja kutuona baada ya swala, mtoto alimvuta mpaka kwenye mkeka wa uani, akamsogelea sikioni, akaanza kunong'ona. Nilichemsha chai, nikaichuja, ikapoa kwenye vikombe, na bado alikuwa ananong'ona.

Ikawa desturi yao ya kila Ijumaa. Mtoto akaanza kula. Akaanza hata kumtania muuza maziwa ya ngamia pale langoni. Majirani wakasema mashallah, nami nikasema mashallah huku nimeuma meno. Nilikuwa na wivu, sitautafutia jina zuri zaidi. Homa za mtoto huyu nimezikesha mimi. Nywele zake nazisuka mimi. Mwingine anakuja mara moja kwa wiki na kupewa siri zote kwa sababu ametunga ngamia!

"Huwa anakwambia nini?" nilimuuliza wifi siku moja nikimsindikiza langoni.

"Ndoto zake, wifi. Zile mbaya mbaya. Amenikataza nisikwambie."

"Amekukataza."

"Ana masharti yake yule," akasema, akanishika mkono kwa huruma. Huruma hiyo ndiyo iliyoniharibu kabisa.

Kesho yake mtoto alipokwenda madrasa, nilikichukua kitabu na kalamu yangu nyekundu, nikaketi kama nina rundo la insha za darasa la saba. Nikapigia mistari. Nikazungushia maneno. Pembeni nikaandika, "Sentensi ndefu mno," na "Ngamia hafanyi hivi," na mahali pamoja, "Mama wa huyu msichana yuko wapi?" Nilipofika ukurasa wa thelathini nilikuwa nimeshiba. Insha husahihishwa juu ya arobaini, kwa hiyo nikaandika ishirini na tatu, nikaizungushia duara, na chini yake: "Mwandishi ajitahidi zaidi." Nikakirudisha rafuni na mchana huo nikalala vizuri sana.

Alikiona Jumatatu asubuhi, tukiwa mezani. Alifungua kurasa moja moja, polepole, bila kulia.

"Hooyo, ni wewe?"

"Ni mimi. Makosa ni makosa."

"Kuanzia hapa hakuna nyekundu."

"Niliishia hapo."

Akaniangalia. "Umempa alama na hujamaliza kusoma?"

Katika miaka yangu yote hakuna mwalimu mkuu wala mkaguzi aliyewahi kunikamata na kosa hilo. Akaniachia kitabu mezani, akaenda kuvaa viatu vyake vya shule.

Nilikimaliza jioni ileile, bila kalamu. Karibu na mwisho, msichana analeta ndoto kisimani na ngamia anaikataa. Anainusa, anageuza shingo. Haina chumvi, ni ndoto nzuri, na ndoto nzuri si ya hori. Msichana anaichukua na kukimbia nayo nyumbani kwa mama yake, ambaye amekuwa akimngoja tangu ukurasa wa kwanza. Nilitamani wifi awe ameiandika vibaya. Hakuiandika vibaya.

Majuma kadhaa yakapita. Mtoto alinijibu nilipomuuliza, akanisalimia, basi. Ijumaa ziliendelea kule uani, nami nilipika chai na kukaa jikoni.

Halafu asubuhi moja, nikimimina anjera kwenye kikaango, nikamwona amesimama mlangoni, hajaingia.

"Nimeota vizuri," akasema.

"Njoo uniambie."

"Utaipigia mistari?"

Nikaweka upawa chini. Nikanawa mikono, nikakaa kwenye kigoda, nikasema "kheyr," kama anavyopaswa kusema mtu anayesimuliwa ndoto. Akaja. Akanisogelea sikioni, pumzi yake ina moto. Baba alikuwa kando ya mto, akasema, amevaa lile shati lake la mistari, anawapa mbuzi maganda ya tikiti. Eddo, shangazi yake, alikuwepo pia, akiwa bado msichana mdogo, na walikuwa wanacheka wote wawili. Anjera ikaanza kunuka kuungua na hakuna aliyeinuka.

Nilingoja aendelee. Hakuendelea. Nikajaribu kunyamaza, nikashindwa, kwa sababu wivu wangu ni ule ule.

"Na mimi nilikuwepo?"

"Hapana, hooyo," akasema. "Ndiyo maana nimekuja kukuambia."